Kanga Iliyochaguliwa na Kompyuta

Jumatatu, 11 Agosti

Mke wangu Tahiya bado yuko kwao Mwanakwerekwe. Sababu? Cherehani yake ya kushonea! Niliiondoa mezani niweke kompyuta yangu, nguo za harusi za watu zikachelewa. Anataka nimwombe radhi. Mimi! Mume mzima!

Nina hila. Nitapitia kwa mama yake, Bi Maisara. Mama mkwe akiridhika, mke atarudi bila mie kufungua mdomo. Nitampelekea doti ya kanga. Ipi sasa? Hapo ndipo penye elimu. Nshapata mtandaoni maktaba ndogo ya programu, ya kufundishia wanafunzi mitandao ya neva, yaani mashine inayojifunza kwa mifano. Ndogo mno, unaisoma yote kahawa haijapoa. Unaipa mifano, inakisia, unaiambia imekosea kiasi gani, inajirekebisha, inakisia tena. Haichoki wala hainuni.

Jumatano, 13 Agosti

Mifano ninayo: picha za Bi Maisara kwenye simu yangu. Nimeipa mashine rangi ya kila kanga aliyovaa na upana wa pindo lake. Siku aliyocheka, alama moja. Siku aliyonuna, sifuri.

Jirani yangu Suhail, anayesomesha kompyuta skuli, kaja kuchungulia. Kasema picha hazitoshi, mashine itakariri tu, haitafahamu kitu. Tena kauliza mbona sikuitilia jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa chini. Husuda hiyo! Nikamwambia mwanamume hasomi majina ya kanga. Kosa la mashine limeshuka karibu na sifuri. Nimelala raha mustarehe.

Ijumaa, 15 Agosti

Baada ya sala nikaenda Mlandege, dukani kwa Raza muuza kanga, kompyuta yangu kwapani. Nikapiga picha rafu nzima. Mashine ikachagua: nyeusi, pindo pana la manjano. Alama za juu kabisa! Raza akaniuliza kanga ya nani. Ya mkwe. Akakohoa, akauliza kama nimesoma jina. Nikamwambia hii imechaguliwa kwa hesabu, yeye afunge tu. Akafunga. Akanitakia heri kwa sauti ya mtu anayetoa mkono wa pole.

Jumamosi, 16 Agosti

Loo, fedheha!

Nilipiga hodi, nikatoa shikamoo, nikaitikiwa marahaba. Barazani wamejaa wanawake wa mtaa mzima. Bi Maisara akaifungua doti mbele yao, akaisoma kwa sauti: YA KWAKO YAMEKUSHINDA, YA KWANGU UTAYAWEZA? Kisha mmoja wao, hana haya, akapiga kigelegele. Mama mkwe akaikunja taratibu, akasema salamu zimefika, na mlango naujua.

Tahiya akanisindikiza, kajiziba mdomo kwa ushungi asicheke. Hapo nikaumia kweli. Akanieleza kwamba kanga zile anazochekea mama yake zote ni za mafumbo, na huzivaa nikija mimi. Anacheka kwa kuwa nakaa mbele yake, nakunywa chai yake, nakula vitumbua vyake, na sisomi hata neno.

Kumbe mashine haikukosea! Ilijifunza barabara kinachomfurahisha. Nimerudi na aibu, lakini na fahari kidogo pia.

Jumapili, 17 Agosti

Tahiya kapiga simu asubuhi. Sauti laini. Nimemkumbuka, wallahi, nyumba imepooza, hata chai hainishuki. Kasema mama kapoa. Niende leo alasiri, mikono mitupu, nimwombe radhi yeye, kisha mama. Neno moja tu kwa kinywa changu. Begi lake keshalifunga, ananingoja.

Neno moja! Lakini lipi? Samahani? Niwie radhi? Nisamehe? Jambo kubwa kama hili mtu habahatishi. Nimekusanya ujumbe wa kuomba radhi niifundishie mashine. Kwenye simu yangu hamna hata mmoja niliowahi kutuma, basi nimeazima ule Suhail aliomtumia mkewe. Masikini, anao tele. Mashine nimeiongezea tabaka mbili za hesabu, ikisie vizuri zaidi.

Alasiri inaadhiniwa. Mashine bado inakisia. Tahiya anapiga tena, simu inalia kando ya kompyuta. Sipokei. Nitamwambia nini, na jibu halijatoka?