Gurudumu la Gharib Juu ya Paa

Jumatatu, 8 Machi 1971
Asubuhi shwari. Mpira wa pampu yangu ya baiskeli bado unavuja. Gharib amerudi akiisukuma baiskeli yake. Upepo niliomtilia jana haukumfikisha hata nusu ya njia ya Tunguu, kwenye kazi yake ya shamba. Kaniachia baiskeli. Mke wangu Mize anasema ninunue mpira mpya, basi. Mize hana jicho la biashara. Nimemweleza kuwa kutengeneza kilichoharibika kunakurudisha ulipokuwa jana, fursa ndiyo inayokupeleka mbele.  Akaendelea kuchagua mchele.

Muhiddin, fundi baiskeli mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, kutwa anaziba pancha. Maskini. Hainui kichwa.

Jumanne, 9 Machi
Mimi nimeinua, nikaona. Nyumba za ghorofa hapa Kikwajuni. Watu wamehamia juu, na kila kitu chao lazima kibebwe kwa ngazi. Bi Shemsa, mshonaji wa ghorofa ya tatu, magoti yanamsumbua na cherehani chake kimetoka kutengenezwa. Nikamwamkia, nikamwambia nitakipandisha kwa kamba na gurudumu. Akauliza kama nshawahi kufanya. Nikamjibu kuwa hakuna aliyewahi, ndiyo uzuri wake.

Gurudumu nimepata. La Gharib. Lilikuwa limekaa bure.

Jumatano, 10 Machi
Gurudumu nimelifunga ukingoni mwa paa. Cherehani kikapanda vizuri mpaka ghorofa ya pili. Hapo kamba ikatoka kwenye rimu, ikakwama. Hakipandi, hakishuki. Sikuthubutu kuachia.

Kilining'inia mbele ya dirisha la Mzee Hasanali, naye anakunywa chai. Akatoa kichwa, akauliza kwa upole kama ni zawadi. Bi Shemsa akakaa kwenye ngazi. Akasema, "Hicho ndicho kinachonilisha, Shaame." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Mvua ikaanza. Watu wakamwita Muhiddin. Akaingia kwa Mzee Hasanali, akakivutia cherehani ndani, akakata kamba, akakibeba begani mpaka ghorofa ya tatu. Akakikausha na kukitia mafuta. Mimi chini nilikuwa bado nimeshika kamba.

Alhamisi, 11 Machi
Gharib amekuja kuchukua baiskeli, akaikuta na gurudumu moja. Nikamwonyesha la pili lilipo.  Akapanda paani mwenyewe, akalishusha, akavuka barabara nalo. Wateja wangu wote sasa wako ng'ambo. 

Alasiri Muhiddin akaja. "Kazi zimenizidi, ndugu yangu. Njoo tufanye pamoja. Lakini kesho nenda kwanza Malindi, madukani kule bandarini, ukanunue mpira wa pampu."

 Nimekubali kwa moyo wote.

Ijumaa, 12 Machi
Baada ya sala nikaenda Malindi. Meli ya kutoka Dar es Salaam ndiyo kwanza imefunga gatini. Bahari ilikuwa mbaya. Abiria wanashuka wamepauka, mmoja kakaa juu ya sanduku lake, kichwa mikononi. Kila mtu anamwonea huruma. Hakuna aliyemuuzia kitu.

Nimerudi na gunia la ndimu. Muhiddin akauliza mpira uko wapi. Nikamweleza habari ya bahari na abiria. Kisha akauliza ndimu za kichefuchefu watazitakia nini watu waliokwisha kushuka.

Nimemwomba asogeze pampu yake kidogo. Gunia linataka kivuli.