Maji Kabla ya Majibu

Jumatatu, 3 Machi
Miaka yote hii natafuta vimelea kwenye maji na udongo, na bado mkuu wa maabara hapa Mbeya anamsifia Lea! Lea wa Iringa, aliyeajiriwa juzi. Kesho tunapima kisima cha kijiji kimoja Usangu, mafuriko yamepita hapo. Mwandishi wa redio atakuwepo. Koti jeupe nimelipiga pasi.

Jumanne, 4 Machi
Ushindi! Lea alichukua sampuli, akawaambia wanakijiji wachemshe maji mpaka majibu yatoke. Wakanuna. Kuni zote zimelowa. Nikasogelea kipaza sauti, nikajaza glasi, nikanywa yote. Makofi! Mfugaji mmoja, Mzee Ndalahwa, akakinga kikombe chake. "Kama daktari kanywa, na mimi nakunywa." Njia nzima Lea hakunisemesha. Wivu.

Alhamisi, 6 Machi
Tumbo. Choo. Tumbo tena. Lea kapiga simu: bakteria wa kinyesi wameota sahani nzima ya kupimia, mafuriko yalisomba samadi ya mazizi hadi kisimani. Anarudi kijijini na dawa ya kusafishia maji. Nimemwambia nina malaria.

Ijumaa, 7 Machi
Hospitali. Dripu mkononi. Kitanda cha pili, Mzee Ndalahwa! Macho yameingia ndani, midomo imekauka. Binti yake, Sayi, akaniamkia kwa heshima, kisha akauliza taratibu kama nilipokunywa nilijua maji yakoje. Nikasema sikujua.
"Baba alidhani unajua."
Hakupandisha sauti. Nikageukia ukutani, nikalia.

Jumapili, 9 Machi
Mzee ameweza kunywa uji. Mungu ashukuriwe. Kanishika mkono, kanipa pole. Pole, mimi! Nikamwapia Sayi kwamba sitasema neno lolote tena bila majibu ya maabara. Akaendelea kumlisha baba yake.

Jumatano, 12 Machi
Nyumbani. Nguvu zimerudi. Yule mwandishi wa redio kapiga: watu wa Uyole wanauliza kama mboga za bondeni ni salama baada ya mvua hizi. Lea kakataa kuzungumza, eti ndiyo kwanza anachukua sampuli za udongo. Kakataa redio! Nikamwambia aniweke mimi hewani. Nimesema mboga ni salama kabisa, hata mbichi. Sauti yangu ilitoka vizuri sana.