Hoteli Yangu na Wale wa Matawi Manne

Jumatatu, 8 Julai 1996

Wamefungua! Ng'ambo ya barabara, hatua ishirini na mbili kutoka mlangoni kwangu. Nimezipima mwenyewe. Shibe Njema Hoteli. Wana tawi Tabora, tawi Urambo, tawi Kaliua, na sasa Mpanda. Tena si mjini kati, ambako wangegombana na watu wa saizi yao, bali huku Makanyagio, mtaa ambao kwa miaka sita nimeulisha mimi, Gelasius, peke yangu. Kuta za kijani, milango ya njano. Wanasema matawi yote manne yana rangi hiyohiyo, sahani hizohizo na pilau ileile. Kwamba ukila Mpanda umekula Tabora. Sasa mtu atapanda treni kwa nini?

Meneja wao ni Maximilian, kijana wa Tabora, tai shingoni tangu saa mbili asubuhi. Alivuka barabara kuja kuniamkia. Shikamoo, mzee. Dharau iliyoje!

Kwetu anayepika ni mke wangu, Mama Goreth. Nikamwuliza tufanye nini. Akasema tuongeze kipande cha samaki. Nikamwambia hii ni vita ya akili, siyo ya samaki. Akarudi jikoni.

Jumanne, 9 Julai

Upelelezi. Nimeazima kanzu ya jirani, nikavaa na kofia na miwani ya jua, nikaingia Shibe Njema kupitia mlango wa pembeni. Nikakaa kwenye kona. Nikaagiza pilau kwa sauti nzito ambayo si yangu. Maximilian akaja mbio na maji ya kunawa. "Karibu sana, Mzee Gelasius!"

Pilau yao ya kawaida tu. Nilimaliza sahani kwa sababu upelelezi haufanywi nusunusu. Ya pili niliagiza ili niilinganishe na ya kwanza. Zinafanana kabisa! Kwa hiyo ni kweli wasemavyo.

Nyumbani sikuweza kula. Mama Goreth aliniuliza kama ninaumwa. Halafu akanyoosha mkono, akaniokota punje ya pilau kwenye ndevu. Akaitupia kuku. Heri angenigombeza.

Jumatano, 10 Julai

Nimegundua siri! Watu hawafuati chakula. Wanafuata matawi. Asubuhi nilichanganya rangi ya bluu iliyobaki tulipopaka madirisha, nikaandika kibao kipya: GELASIUS HOTELI – TAWI LA MPANDA. Si uongo. Hoteli ipo Mpanda. Mama Goreth alikisoma, akauliza shina liko wapi. Wanawake hawaelewi biashara.

Saa sita akaja Mzee Lyamba. Huyu ni Msukuma mwenye ng'ombe wengi nje ya mji, na ni mteja wangu mkubwa kwa kila maana. Ugali anaoula yeye ungetosha kamati nzima ya shule. Alisoma kibao herufi kwa herufi, akafurahi mno. Kesho anapanda lori kwenda Sumbawanga. Je, huko nako kuna tawi?

Hapo ningeweza kusema hapana. Nikasema lipo. Wapi? Karibu na stendi. Rangi gani? Bluu. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaapa hatatia kinywani chakula cha mtu mwingine huko Sumbawanga ila changu. Mwaminifu kweli yule mzee. Inatia moyo.

Alhamisi, 11 Julai

Wenzetu wana menyu ukutani. Na mimi nimeandika yangu, kwa chaki, vyakula ishirini na viwili. Mama Goreth alinikumbusha kwamba jikoni viko vitano: ugali, wali, maharage, kuku na migebuka, samaki wa ziwani kutoka Ikola. Nikamwambia tatizo ni majina.

Kwa bahati mbaya meza zote tatu ziliagiza namba kumi na nne, Samaki wa Ziwani kwa Mchuzi wa Kifalme. Mama Goreth akatoa kichwa dirishani, akauliza mchuzi wa kifalme ndio mchuzi gani. Nikamwambia atie nyanya. Akasema nyanya zimo. Nikamwambia azidishe.

Mteja mmoja, karani wa wilayani, alikula, akaniita. Akasema huyu ni mgebuka yuleyule aliyemla hapa Jumatatu. Nikamjibu ndiyo, lakini Jumatatu hakuwa mfalme. Hakucheka. Alivuka barabara na kijiti cha meno mdomoni, akaenda kunywa chai kwa wenye tai.

Ijumaa, 12 Julai

Muziki! Kwa nini sikufikiria mapema? Cyriaque amekuja na maharage yake kutoka Katumba. Ni rafiki yangu wa siku nyingi, mpole, haniambiagi hapana. Nilimwomba redio yake kubwa ya kaseti, ile aliyoinunua baada ya kuuza tumbaku. Tukaifunga kwenye betri ya lori bovu la jirani. Spika mbili mlangoni. Rumba tangu saa tano.

Mtaa mzima ulikuja. Watu walijaa barabarani, wakicheza, vumbi juu. Mama mmoja alicheza na ndoo kichwani bila kumwaga tone. Nilisimama mlangoni nikiwahesabu kama wateja.

Kisha wakachoka. Wakaona njaa. Na kwa kuwa spika zangu zilikuwa mlangoni kwangu zikipiga kelele, wote wakaenda kukaa mahali palipo kimya kidogo na kivuli. Ng'ambo! Walijaa mpaka wengine wakala wamesimama, huku wakitikisa mabega kwa muziki wangu.

Saa tisa Maximilian akanitumia soda ya chungwa, na salamu: ahsante kwa burudani, mzee, kesho tena?

Niliinywa kwa hasira.

Jumamosi, 13 Julai

Siku mbaya. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Baada ya chakula cha mchana nilimwona Maximilian akiingia uani kwetu kwa mlango wa nyuma. Bila tai! Nikajua kuna jambo. Nikazunguka, nikajibanza jikoni nyuma ya magunia ya mkaa.

Alikaa kwenye kigoda cha mke wangu, sahani ya ugali na mgebuka mapajani, anakula kwa mikono yote miwili. Kumbe anakula hapa kila siku! Nilimsikia kwa masikio yangu akisema pilau imemtoka puani, ni pilau ileile tangu Tabora. Nusura nishangilie. Halafu akanawa, akaweka sauti ya heshima, akamwomba Mama Goreth akawe mpishi mkuu wa Shibe Njema. Jiko la saruji. Wasaidizi wawili. Jumapili mapumziko.

Mama Goreth alifuta mwiko kwa kanga, taratibu. Nikasubiri amfukuze na mwiko.

Akasema: "Nipe siku mbili nifikiri, baba."

Hapo nikapiga chafya. Mkaa. Gunia moja likaanguka, nami nikalifuata. Maximilian alisema shikamoo mzee, akaondoka. Mke wangu alinitazama, nilivyo mweusi kuanzia utosini, akaniambia maji ya kuoga yako nje. Ni hayo tu. Siku mbili! Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kumwona akifikiri jambo zaidi ya dakika moja.

Jumapili, 14 Julai

Misa. Niliomba kwa nguvu hadi aliyekaa mbele yangu akageuka.

Mchana tulikuwa na wateja wanane, ndio wengi kuliko siku yoyote ya wiki, mara mlango ukajaa mtu. Mzee Lyamba. Vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mashavu yamebonyea.

"Liko wapi?" Akapiga meza kwa fimbo. "Gelasius! Tawi lako la bluu liko wapi?"

Amezunguka Sumbawanga siku nzima ya Ijumaa. Alianza stendi, akaenda sokoni, akarudi stendi. Aliuliza polisi. Watu walimkaribisha nyama choma, akakataa, ana hoteli yake! Alilala na njaa kwa sababu aliapa. Na kwenye lori la kurudi aliapa tena, jambo jingine, linalonihusu mimi na fimbo.

Nilifungua mdomo nieleze kuhusu ukarabati wa muda wa tawi la Sumbawanga. Namshukuru Mungu sikumaliza. Mama Goreth alitoka jikoni na beseni. Si sahani, beseni: ugali wa moto na migebuka mitatu mizima. Akapiga goti kidogo, akaliweka mbele ya mzee.

"Kula kwanza, baba. Ukishiba utampiga vizuri."

Hoteli nzima ikacheka. Lyamba akajaribu kukasirika, akashindwa, akanawa. Alikula bila kuinua macho. Alipomaliza mgebuka wa tatu alivuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo hata Maximilian aliisikia ng'ambo, "Mayu, mama yangu, hoteli ni wewe. Huyu mumeo ni mlango tu."

Nilijifanya napanga vikombe.

Jioni, jua halijazama bado, nilimkuta Mama Goreth uani akiosha lile beseni. Nilikuwa nimeandaa hotuba juu ya uaminifu na mustakabali wa biashara ya mzawa. Ikapotea yote. Nikamwambia usiende. Basi. Neno moja. Sauti ilitoka vibaya pia.

Akaendelea kuosha. Akasema atanijibu kesho.

Jumatatu, 15 Julai

Amejibu: atabaki, kwa masharti. Kwanza, kibao changu kishuke. Pili, kipande cha samaki kiongezwe, kama alivyosema tangu mwanzo. Tatu, vyakula vya menyu vibaki vile vitano tunavyovijua. Nne, hoteli iitwe kwa jina la mwenye mwiko. Nikauliza kama kuna nafasi ya jina langu, hata kwa herufi ndogo, chini. Hakuna.

Nimeandika mwenyewe: KWA MAMA GORETH. Mwandiko wangu mzuri, hilo hakuna wa kulikana.

Mama Goreth amempa Maximilian jibu pia. Haendi. Ila kila saa sita atampelekea sufuria moja ya migebuka, awauzie wateja wake. Kwa hiyo tawi la Mpanda halitafanana na Tabora tena! Kijana alipokea habari kwa furaha isiyo na aibu. Aliuliza kama bado anaweza kuja kula uani. Anaweza, lakini atakuwa anachota maji.

Alhamisi, 18 Julai

Tumejaa siku ya tatu mfululizo. Lyamba ameleta shemeji zake wanne. Karani wa wilayani amerudi, ameomba samaki wa kawaida, asiye mfalme. Ng'ambo nako wamejaa. Kila mtu amepona.

Nimekaa nikatafakari ushindi huu umetoka wapi. Jibu ni wazi: akili. Nisingewachokoza kwa mbinu zangu, wasingetambua uzito wetu. Nilimweleza Mama Goreth. Alisema kweli baba Goreth, akaniomba nisishike kitu chochote jikoni wala mezani wala dukani tunakonunua vitu.

Kwa hiyo nina nafasi. Na leo nimeona jambo pale karibu na soko. Kinyozi! Foleni ya watu tisa, na kinyozi ni mmoja tu, tena ana mkono mzito. Sijawahi kunyoa mtu, lakini kichwa ninacho tangu kuzaliwa, nakifahamu. Nimenunua mkasi na kioo.

Cyriaque alikuwa amekuja mjini, nikamwomba kichwa chake, na kama kawaida hakusema hapana. Upande wa kushoto umetoka vizuri sana. Kabla sijaanza wa kulia lori la Katumba likapiga honi, akaruka, akaondoka nalo. Nilimpigia kelele asihangaike, huo ndio mtindo mpya wa Dar.

Wawili wamekwishaniuliza ni nani aliyemnyoa.