Malalamiko Kuhusu Maelezo ya Vitufe vya Masjala Kueleweka Kupita Kiasi

Ndugu Mkuu wa Utumishi,
Ghorofa ya Pili.
(Barua hii isipitie kwa mtu wa kompyuta.)

Baada ya salamu, ambazo ni nyingi na za dhati, naomba nikueleze uonevu unaonipata mimi, karani mkuu wa masjala ya viwanja, mwenye miaka kumi na tisa ya utumishi.

Mwezi uliopita idara ilituletea wakala wa akili mnemba, yaani programu unayoituma kazi kwa maneno nayo ikaenda kuitenda yenyewe kwenye mfumo wetu wa majalada. Sisi tunamwita Mgeni. Wiki yake ya kwanza aliagizwa afunge majalada arobaini yaliyokamilika, naye akatumia kitufe cha "Funga Jalada". Kila mtumishi hapa anajua kwamba "Funga Jalada" huliingiza jalada kwenye orodha ya kuchomwa moto, na kwamba anayetaka kufunga hutumia "Hamisha" na kuacha wazi sehemu ya mpokeaji. Wanajua kwa sababu waliniuliza mimi. Mgeni hakuniuliza. Tuliyanusuru majalada yakiwa tayari kwenye toroli. Mtu wa kompyuta, badala ya kumpa Mgeni barua ya onyo, alinijia mimi na kuniamuru niandike maelezo ya kila kitufe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba maandishi yangu yalirudishwa mara nne. Kuhusu "Hamisha" niliandika: Kinajulikana. Yakarudi. Nikaandika: Kitumike kwa busara. Yakarudi na mstari mwekundu. Eti niseme kitufe kinafanya nini, kitumike lini, kisitumike lini, kinataka nini kwanza, na kikigoma kitatoa ujumbe gani. Mke wangu, mwaka wa ishirini na sita huu, hajawahi kunidai maelezo ya namna hiyo, na ana haki zaidi.

2. Kwamba Mgeni haguniki. Watumishi wote wamefunzwa kwa njia yetu ya siku zote: unakosea, karani mkuu anaguna, unaelewa. Nimeguna mbele ya skrini mpaka koo limekauka. Naambiwa Mgeni anajua kilichoandikwa tu, na kisichoandikwa hukikisia kwa kujiamini kabisa. Nauliza kwa heshima, ana tofauti gani na naibu wako?

3. Kwamba mara ya tano nilishikwa na hasira nikaandika kila kitu, kurasa mbili, na tangu siku hiyo Mgeni hajakosea. Hilo ningelimeza. Lakini dada wa mapokezi aliokota nakala kwenye printa, akaisoma huku anakunywa chai, na kabla kikombe hakijaisha akawa amehamisha jalada peke yake. Miaka sita dada huyu amekuwa akija mezani kwangu kila asubuhi, shikamoo mkuu, naomba unisaidie. Siku hizi shikamoo yake naipokea kutoka mlangoni. Wachora ramani nao wamemfuata. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, na heshima yangu yote nimeijenga juu ya msemo huo. Jana mpaka saa sita mchana hakuna aliyeniuliza chochote. Niliinua simu kuhakikisha kwamba ina mlio. Nimeumia, sifichi.

4. Kwamba akufukuzaye hakwambii toka. Hukwambia andika.

Kwa hiyo naomba maelezo yaandikwe upya kwa namna ambayo Mgeni ataelewa na binadamu hataelewa. Ikishindikana, Mgeni ateremke masjala, akae kwenye benchi, aguniwe kama wenzake. Na hilo nalo likishindikana, basi mimi nitambuliwe rasmi kuwa wakala, ili kila Ghorofa ya Pili inaponituma nipewe maandishi: kazi ni ipi, ifanywe lini, isifanywe lini, na nikikwama niseme nini. Agizo lako la mwisho lilisema tu, Shughulikia lile suala. Mpaka leo nimeshashughulikia masuala matatu kwa kubahatisha, na bado sijui kama lako limo.

Nisalimie wote huko juu, katibu muhtasi wako, wahudumu, na hata naibu.

Wako mtiifu, nikiwa bado na kazi,
Karani Mkuu, Masjala ya Viwanja.

Nyongeza: Nimepigiwa simu sasa hivi. Binti yangu amejifungua mtoto wa kike, huko mbali anakokaa, safari ya siku nzima. Mjukuu wangu wa kwanza nilimwona akiwa tayari anatembea, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kunishikia masjala hata siku mbili. Naomba likizo ya wiki tatu kuanzia kesho. Usihangaike kutafuta wa kukaimu. Zile kurasa mbili nimezibandika ukutani, na yeyote anayejua kusoma ataweza. Nimeongeza na ya tatu, kuhusu kabati la chuma lenye kitasa kibovu, ambalo hata mtu wa kompyuta hakukumbuka kuniuliza.