Kushusha Maikrowevu Ndani ya Eda

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nimekuta bolti kwenye sufuria ya maharage. Bolti! Nikatazama juu. Maikrowevu imeinama mbele kidogo, kama mtu anayesinzia msibani. Iko juu ya jiko la gesi. Mgongo wake umeshikwa na bamba la chuma ukutani, na kwa juu ilifungwa kwenye sakafu ya kabati kwa bolti mbili. Sasa imebaki moja.

Marehemu mume wangu Dadi aliifunga mwenyewe, usawa wa paji la uso wake. Yeye mrefu, mimi namfika kifuani. Nilipolalamika alisema kazi ya kushusha ni yake. Na kweli, miaka yote alinishushia kikombe cha chai, akinigeuzia mkono wa kikombe ili nisiungue.

Nimempigia dada yake, wifi Firdausi, kule Kibondo. Amesema ningoje eda iishe, ndipo niite fundi. Mwanamume asiye ndugu asivuke kizingiti. Nikamwambia maikrowevu haijui eda. Akakata simu.

Singoji. Humu ndani hakuna kitu kingine alichokifunga kwa mikono yake. Ikianguka, basi. Nitaishusha mwenyewe.

Jumanne, 9 Julai

Nimepanda stuli. Mkono mmoja nimeikumbatia maikrowevu, mkono wa pili natafuta bolti ndani ya kabati. Bolti haikusogea. Maikrowevu ilisogea! Sahani ya kioo ikateleza ndani, krrr, mpaka mlangoni. Nikaganda. Nikiiachia, imeanguka. Nikiishika, nitaishika mpaka lini?

Mwalimu Ernesta alinikuta hivyo. Ni jirani yangu, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa hapa Kasulu. Aliuliza nacheza muziki na nani. Kisha akauliza kama nimechomoa plagi. Nikaitazama plagi ukutani. Akazima swichi kubwa, akachomoa plagi, akafunga gesi, akaitoa ile sahani, akapanga ndoo juu ya jiko mpaka zikaigusa maikrowevu tumboni. Ndipo nikaachia. Akasema, dada Mwanaheri, ulitaka kumfuata shemeji leo leo?

Lakini nimepata mpango.

Jumatano, 10 Julai

Mpango wenyewe: fundi havuki kizingiti. Anakaa nje chini ya dirisha la jikoni, ametupa mgongo. Haoni kitu, anasema tu. Mimi na Ernesta tunatenda. Nani amevunja nini hapo?

Fundi Theonest amekuja, akakalia ndoo, akausalimia ukuta wa jirani kwa heshima zote za Kiha: mwakeye, mama. Akauliza naona nini. Nikasema bolti. Akauliza ina hali gani. Nikasema ya huzuni. Akasema hapana, mama, anauliza kama ina kutu. Ina. Basi niimwagie mafuta, niiache ilale hadi kesho.

Nikaimwagia mawese, ndiyo mafuta niliyonayo. Yamepita kwenye tundu, yakatiririka usoni mwa maikrowevu, mekundu! Ernesta alipoingia akapiga ishara ya msalaba. Theonest akanusa harufu kule nje, akauliza kama tumeanza kupika.

Alhamisi, 11 Julai

Maafa. Esteri, muuza unga wa muhogo, alipita uchochoroni jana. Aliona mwanamume chini ya dirisha la mjane, anasema kwa sauti laini: shika kwa mikono miwili, usiogope, polepole, mimi nipo hapa. Maneno ni ya kweli. Nilikuwa napanda stuli. Lakini sokoni sasa nina mchumba! Tena wanasema ana malori mawili ya kwenda Manyovu, mpakani. Theonest ana baiskeli, na haina breki.

Wifi amepiga. Hakusalimia. Amesema udongo wa kaburi la kaka yake haujakauka, na kesho anapanda basi la kwanza. Nimemweleza habari ya mawese. Sidhani ilisaidia.

Nimelia kidogo, kwa hasira. Mchumba wa nini mimi? Namtaka yuleyule wa kunishushia kikombe.

Akifika wifi atapiga marufuku kila kitu, nayo itaanguka siku yoyote. Ishuke kabla hajafika.

Ijumaa, 12 Julai

Theonest hakutaka kuja. Nikatuma neno kwamba kuna ugali na samaki, tena migebuka. Akaja. Safari hii nimemvisha kitenge cha Ernesta, amejitanda mpaka kichwani, ili wapita njia wadhani ni mwanamke. Akili hiyo!

Swichi imezimwa, plagi nje, gesi imefungwa. Ernesta anashikilia chini, mimi juu ya stuli na spana. Bolti ikatoka laini, mawese yamefanya kazi. Zikabaki kulabu za bamba la ukutani. Wakati huo huo wifi anashuka kwenye bodaboda. Akamwona mama wa watu amejiinamia juu ya ndoo, akamwonea huruma, akampa pole ya msiba. Mama akajibu kwa sauti nzito kwamba ameshapoa.

Kelele aliyoipiga wifi sitaisahau. Theonest alikimbia na kitenge chake, lakini ni fundi wa kweli: akiwa mbioni alipaza sauti kwamba tuinamishe mbele kwanza, ndipo tuinyanyue. Wifi akaingia jikoni mdomo wazi. Ernesta mikono ikamwishia nguvu. Maikrowevu ikaja!

Wifi ni mrefu kama kaka yake. Aliidaka. Tangu hapo alinigombeza mikono ikiwa juu, hawezi kuniacha, hawezi kuiacha. Eda, heshima, ukoo wote wa Heru Juu, nusu Kiswahili nusu Kiha. Mimi nikainamisha, nikachomoa kulabu, tukailaza kwenye godoro tulilotandika sakafuni. Nzima! Hata mlango.

Ukutani, nyuma ya pale ilipokuwa, kuna mshale wa penseli na neno JUU. Mwandiko wa Dadi. Wifi aliketi sakafuni ghafla. Akasema tangu mdogo aliandika hata viatu vyake, kushoto na kulia. Tukalia sote. Ernesta akachemsha chai.

Jumapili, 14 Julai

Wifi amerudi Kibondo. Kwanza alipita kwa Esteri, akanunua unga, akaeleza kisa chote kwa sauti ya kusikiwa na soko zima. Mchumba amekwisha. Kisha akaniapisha: hakuna fundi, hakuna dirisha, hakuna mpango mpaka eda iishe. Nimeapa, na nilikuwa namaanisha.

Maikrowevu iko mezani, usawa wa kiwiko changu. Inafanya kazi, ila inanukia mawese. Sihitaji stuli, sihitaji mtu. Asubuhi nilikwenda kuchukua chai yangu, mkono ukapanda wenyewe, ukagusa ukuta mtupu.

Siwezi. Inarudi juu, palepale, usawa wa paji la Dadi.

Nimeshaongea na Theonest. Kiapo kipo, dirishani hakai. Atakaa ng'ambo ya barabara, ameazima helmeti, watu watadhani ni bodaboda anangoja abiria. Maelekezo atayatoa kwa kupaza sauti.