Kapu la Mama Sumaya

Jumatatu, 4 Agosti

Kuna jambo linaendelea humu ndani. Gunia la makaa halipungui! Nyumba ya watu wanaokula, gunia litaachaje kupungua? Nimemwuliza mke wangu. Mama Sumaya akanijibu kwa utulivu, na utulivu wake ndio unaonitia shaka, kwamba Sabine, jirani yetu, amemfundisha kupika kwa kapu. Maharage yanalowekwa, yanachemshwa kidogo tu juu ya mbabura, jiko letu la makaa, kisha sufuria inafungiwa ndani ya kapu lenye majani makavu ya mgomba na nguo nzito. Humo yanajiivia yenyewe hadi jioni. Bila moto!

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Hapa moshi hakuna, moto hakuna, na maharage yanaiva. Mimi nauza mawese sokoni Rumonge tangu sijaota ndevu. Sidanganywi kirahisi.

Jambo la pili. Nguo nzito yenyewe ni koti langu! Koti la sufu, la safari za Bugarama kwenye baridi. Nimelalamika. Ati huku ziwani silivai, bora lifanye kazi. Tena kapu halifunguliwi mpaka yeye aseme. Tangu tuoane sijawahi kukatazwa kufungua kitu nyumbani kwangu, isipokuwa mdomo mbele ya mama yake.

Jumanne, 5 Agosti

Maharage ya jana yalikuwa laini. Laini mno! Maharage yangu hayajawahi kuwa laini hivyo. Basi si yangu.

Nimekumbuka na mengine. Sukari ya chai imepunguzwa. Chumvi imepunguzwa. Mawese, ambayo nauza mwenyewe, napimiwa kwa kijiko kama mgonjwa. Maji ya kuoshea mboga ya lengalenga hayamwagwi, yanakwenda bustanini. Mama Sumaya anasema ni afya na akiba. Sawa. Lakini vinavyopunguzwa vinakwenda wapi?

Jibu nimelipata asubuhi hii, juu ya ukuta wa uani. Mushagalusa, mume wa Sabine, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliyetoka Kivu ya Kusini, alikuwa anajinyoosha. Kitambi! Mwaka jana hakuwa nacho. Mwenye macho haambiwi tazama. Maharage yetu yanavuka ukuta, ya kwake yanarudi. Kesho nachunguza kapu.

Jumatano, 6 Agosti

Mama Sumaya alipokwenda sokoni nikafungua. Mvuke ukanipiga usoni, miwani ikaingia ukungu. Maharage yamo. Nikafunga. Nikakaa, nikawaza: yalikuwamo wakati ule, je, sasa? Nikafungua. Yamo. Nikaenda kusali adhuhuri, nikarudi, nikafungua tena. Yamo, lakini mvuke hakuna. Hilo sikulipenda.

Jioni, magumu kama kokoto! Jino langu la nyuma bado linauma. Mama Sumaya alishangaa sana, akayarudisha motoni. Anajua kushangaa yule mwanamke. Akauliza kama kuna mtu aliyegusa kapu. Nikamjibu kwamba mimi nina kazi zangu.

Sasa ushahidi ninao. Yamebadilishwa, nami nimekaa pale pale! Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo yenyewe ni koti langu.

Alhamisi, 7 Agosti

Habari kubwa. Posa ya Sumaya! Kijana anaitwa Nour, fundi wa injini za boti, kwao Muhuta. Binti yangu anampenda. Hata mimi sijamwona na kosa, na nimetafuta.

Tatizo ni shangazi yake, Bi Zainabu. Kwao neno la mwisho ni lake. Na hataki pilau wala sherehe. Anakuja siku ya kawaida, anakula chakula cha kawaida, aone nyumba inavyoendeshwa. Inasemekana alimkataa msichana mmoja kwa sababu ya ukoko wa wali uliotupwa. Anakuja Jumamosi.

Mama Sumaya ameamua: maharage ya kapu, ndagala, lengalenga. Haogopi! Mushagalusa akituletea kokoto siku hiyo, mwanangu ataachwa. Nimekosa raha kweli. Sumaya alinishika mkono, akaniomba, "Baba, siku hiyo ukae tu." Maskini mtoto, hajui baba yake anapigana vita gani.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya sala akili imefunguka. Shida ya maharage ni kwamba hayana alama. Nitayatia alama! Kokwa moja ya chikichi, nyeusi, ngumu. Kwangu zimejaa tele. Maharage yakienda kwa Mushagalusa, kokwa itakwenda nayo. Nitaikuta chunguni mwake na mwizi atakosa la kusema.

Nimemwalika yeye na Sabine kesho, niwe nao machoni. Akafurahi, akasema, "Aksanti, muzee. Tutakuya, na hatutakuya mikono mitupu." Maneno ya mtu mwenye mpango.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi nikatumbukiza kokwa. Nikafungua tena kuona kama ipo. Ipo. Nikafungua mara nyingine, kwa usalama. Kisha nikajitazama. Mgeni wa heshima anakuja, nami nimevaa shati tupu! Nikalitoa koti kapuni, nikalivaa. Lilikuwa la moto na linanuka vitunguu. Jasho likanitiririka mpaka viatuni.

Bi Zainabu akashuka kwenye basi. Mwembamba, macho makali. Akatusalimu, "Amahoro." Akatazama mbabura, akaridhika. Akatazama bustani, akaridhika zaidi. Akanitazama mimi na koti langu, akapita.

Tukakaa kula. Mushagalusa na Sabine walikuja na kapu lao, wakaliweka pembeni. Bi Zainabu akatia kijiko cha kwanza mdomoni. Kru! Akatafuna. Kru! Uso wa Mama Sumaya ukashuka. Sumaya akainama, machozi yakamdondokea kwenye sahani. Hapo niliumia, sitaki kuficha.

Sabine akanyanyuka haraka, akafungua kapu lake, akasema si neno, haya yameiva. Akapakua. Laini! Yanameta! Nikaruka. Nikatangaza kwamba hayo ndiyo maharage yangu, na nitathibitisha mbele ya wote. Nikazamisha upawa kwenye sufuria ya Sabine. Nikakoroga. Nikakoroga tena. Kokwa hakuna. Nikakunja mikono ya koti.

Bi Zainabu, ambaye bado alikuwa anahangaika na kile kijiko cha kwanza, akatoa kitu mdomoni, akanionyesha kiganjani.

"Baba Sumaya, unatafuta hii?"

Kokwa yangu!

Ikabidi nieleze. Nikaeleza kapu, ukuta, kitambi, yote. Sabine akashika kichwa. "Kumbe ni weye ulikuwa unafungula? Kila ukifungula, joto inatoka! Na hilo koti ndo blanketi ya maharage!" Mushagalusa, bila hasira, akasema kitambi amekipata tangu aache baiskeli na kununua pikipiki. Mama Sumaya alinitazama tu, na hilo lilikuwa baya kuliko maneno.

Basi Bi Zainabu akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtandio ukaanguka. Alipopata pumzi akasema mwanamke anayeweza kuweka akiba ndani ya nyumba yenye mtu kama mimi, binti yake hatashindwa popote. Posa imekubaliwa! Sharti moja: siku ya harusi nikae mbali na vyungu. Sumaya alicheka huku analia, akanikumbatia na jasho langu lote. Nilifurahi hadi nikasahau kushuku.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamka nikiwa nimekumbuka.

Mbona amekubali upesi hivyo? Mwanamke anayekataa watu kwa sababu ya ukoko! Halafu kabla ya kuondoka alimwachia mke wangu zawadi, kapu jipya la kwao Muhuta, lenye kifuniko cha kufunga kwa kamba. Zawadi, kwa watu aliowajua siku moja. Mama Sumaya ametia maharage humo, akaniapisha nisifungue. Nimeapa.

Nimefungua kidogo tu, kwa pembeni. Ni kwa faida ya mwanangu. Yamo. Baada ya adhuhuri nimehakikisha tena. Yamo. Alasiri pia.

Jioni, magumu!

Nikaenda mbio kwa jirani. Kumefungwa. Mushagalusa na Sabine wako Bujumbura tangu alfajiri. Kwa hiyo si wao, na wala hawakuwa wao. Nimemwonea bure jirani wa watu, kesho nitamwomba radhi.

Basi ni Bi Zainabu. Kesho natia kokwa mbili.