Karai Lenye Viraka Vitatu na Mbio za Kuwa wa Pili

Jumapili, 30 Julai 1967. Suna.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu za usalama. Baba husoma Kiingereza. Mama husoma Agano Jipya la Kikisii. Kiswahili nyumbani kwetu ni lugha ya kununulia samaki, hakuna atakayeshuku kwamba mna siri ndani yake.

Siri yenyewe ni hii: lazima nifike makambi ya kanisa kule Homa Bay mwezi ujao. Lazima! Mwaka jana kulekule makambini kijana mmoja wa kwaya, Barnabas, anayeimba besi, alinisogelea kwenye foleni ya maji. Akaniuliza kwa Kiswahili, maana yeye ni Mjaluo na mimi Mkisii, "Wewe unaitwa nani?" Nilitazama ndoo. Nikakimbia. Ndoo nikaiacha.

Tangu siku ile nafanya mazoezi ya jibu. "Naitwa Kemuma." Nimelisema mbele ya kioo, mbele ya mbuzi, mbele ya mahindi. Sasa linatoka bila kukwama. Kilichobaki ni kuufikisha mdomo wangu Homa Bay.

Shida: Mama amesema mwaka huu lori ni dogo, mimi nitabaki na watoto. Nikalia kimyakimya, ndiyo desturi yangu. Lakini jana kanisani Mwalimu Mayaka, anayetuongoza vijana, ametangaza shindano. Alisema vijana wa siku hizi tunakimbilia vitu vya kupita kama umande: twisti, suruali za kubana, viatu vyenye ncha kama kalamu. Basi Sabato ijayo kila kijana alete kitu kimoja cha nyumbani ambacho hata wajukuu wetu watakitaka, na karatasi ya kueleza kwa nini. Wa kwanza na wa pili watapata nafasi kwenye lori. Wa kwanza atahutubia makambi yote. Wa pili atakaa tu.

Atakaa tu! Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo.

Nimeamua. Nitakuwa wa pili.

Jumanne, 1 Agosti.

Kuwa wa pili ni kazi ngumu kuliko kuwa wa kwanza. Wa kwanza anatia bidii tu. Wa pili lazima apime.

Wa kwanza nimekwisha kumchagua. Ni Nyasuguta, binti wa jirani yetu, mzee wa kanisa mwenye duka la nguo. Nyasuguta haogopi mtu. Akipiga chafya hapa, Uriri wanasema pole. Yeye ataleta redio yao ya betri. Leo kisimani ameniuliza mimi naleta nini. Nikasema sijui. Akasema, "Basi jilete wewe mwenyewe, Kemuma, maana hata hao wajukuu watakukuta papo hapo, umenyamaza." Wasichana wote wakacheka. Nami nikacheka. Farasi wako wa mbio usimkasirishe.

Tena nimempa hoja. Nilimngoja njiani, nikamwambia maneno kama kumi na tano hivi (sijawahi kufikisha mengi hivyo) kwamba aseme juu ya ule wimbo wa gitaa kuhusu baiskeli, unaotoka redioni kila siku. Wimbo ule haufi! Wanaopeleka ng'ombe mnadani Ogwedhi wanaupiga mluzi. Makarani wanauvumisha puani. Mama anauimba akiosha sufuria, na ukimwuliza anasema ni wa Sabato. Nimewaza sana kwa nini nyimbo nzuri zaidi zimekwisha na huu upo. Nadhani ni kwa kuwa hakuna anayejua ubeti wa pili. Kila mtu anatia wake. Ubeti wa Mama ni kuhusu Baba na gunia la maharagwe yaliyoliwa na wadudu.

Nyasuguta alisema hiyo ni hoja nzuri, alikuwa ameifikiria zamani. Vizuri kabisa!

Jioni nimemwuliza Mama, nyumba ikishika moto ataokoa nini kwanza. Akaniuliza kama nina mpango wa kuichoma. Halafu akasema karai. Si chupa ya chai. Si zile sahani za maua zilizomo kabatini zikingoja mgeni ambaye hajazaliwa. Karai! Lile la bati lenye viraka vitatu. Kitu cha wastani. Kitu cha nafasi ya pili hasa.

Ijumaa, 4 Agosti. Kabla jua halijazama.

Hofu. Nimeandika karatasi yangu na imekuwa nzuri mno.

Karai limetuogesha watoto watano. Limeoshea mahindi, limebeba mchanga, limefunika vifaranga mwewe akija, limekinga matone ya paa mvua zote za Aprili. Siku Baba alipotoka hospitali akiwa mzima, Mama aliligeuza akalipiga ngoma mpaka majirani wakaja. Nilipomaliza kusoma machozi yalinilenga. Hatari! Mwalimu Mayaka hulia upesi kuliko mimi.

Nikafuta habari za ngoma. Bado nzuri. Nikafuta vifaranga. Bado! Basi nikachukua msumari, nikachokoachokoa kiraka cha katikati mpaka maji yakatoka tone moja moja. Karai linalovuja halishindi kitu. Hesabu safi. Nikajipongeza.

Kisha nikamwomba Mama aniazime. Akasema likirudi na kovu jingine, mimi nibaki hukohuko nilikolipeleka.

Jumapili, 6 Agosti.

Jana Sabato, sikuandika.

Kosa la kwanza. Nilisahau kwamba jana ilikuwa siku ya Meza ya Bwana, na kabla ya Meza huoshana miguu, wanaume upande wao, wanawake upande wetu.

Kosa la pili. Nilitaka redio ishinde siku ya Sabato! Mimi! Niliyezaliwa katika imani, ninayejua kwamba Ijumaa jua likigusa kilima, redio ya kila muumini hufunikwa kitambaa mpaka kesho yake jioni!

Nianze na miguu. Niliangukia kuoshana na Nyasuguta. Kwanza lazima muombane msamaha. Aliniomba msamaha kwa ajili ya yale ya kisimani, akaniosha vizuri, hata katikati ya vidole. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na mengi. Nikasema, "Na mimi pia." Akauliza pia nini. Nikasema pia tu.

Wakati huohuo upande wa wanaume mabeseni yalipungua. Vitu vyetu vya shindano vilikuwa mezani. Mwalimu Mayaka akatwaa karai letu! Nililiona likipita mlangoni. Nilitaka kupiga kelele, lakini kelele ni kitu ambacho sijajifunza. Wakaliweka mbele ya Mzee Mochama, mgeni kutoka Kisii, mzee wa miaka themanini hivi. Mengine nimeyasikia kupitia ukuta wa matete. Sauti moja: "Linavuja!" Sauti ya pili: tulizibe. Ya tatu: kuziba ni kazi, na leo ni Sabato. Wakabishana huku maji yakienda kwa utulivu kwenye soksi za karani wa kanisa. Ndipo Mzee Mochama akauliza, "Ng'ombe wako akitumbukia shimoni siku ya Sabato, hutamtoa?" Wakasema tutamtoa. Akasema, "Basi huyu ndiye ng'ombe. Leteni sabuni." Akapaka kipande cha sabuni ya mche kwenye tundu. Likanyamaza.

Wanaume ishirini waliosha miguu humo. Wawili kati yao hawakuwa wamesemezana tangu kesi ya mpaka wa shamba. Walilicheka karai, wakatazamana, wakapatana. Baba alisema hata Mwalimu alilia. Najua alilia. Nilimsikia.

Alasiri, shindano. Nyasuguta akasimama na redio, akanguruma vizuri sana juu ya wimbo na ubeti wa pili. Nikaanza kupumua. Mwalimu akamwambia aonyeshe inavyofanya kazi. Mkono wa Nyasuguta ukaenda kwenye kitufe. Baba yake akakohoa. Mkono ukarudi. Mwalimu akasema kwa huzuni kwamba kitu kinachoiogopa Sabato kitafikaje kwa wajukuu. Kisha akachukua karatasi yangu, akaisoma yeye mwenyewe, pamoja na yale niliyoyafuta.

Wa kwanza: karai. Wa pili: redio.

Nyasuguta akaninong'oneza, "Hongera, dada. Mimi nitakaa tu."

Jumatano, 9 Agosti.

Mpango mpya: nimepoteza sauti. Bubu hawezi kuhutubia. Tangu Jumapili jioni sijatamka neno. Hata moja! Nimengoja mtu ashtuke, anipeleke kwa daktari, amjulishe Mwalimu.

Leo wakati wa chakula Mama amemwambia Baba kwamba wiki hii naonekana nimechangamka.

Mpango umefutwa.

Ijumaa, 11 Agosti.

Bila karai hakuna hotuba. Nimelipeleka kwa Werema, fundi wa bati sokoni, Mkuria anayesifika kwa jambo moja: ukimpa kitu, kisahau. Birika la mama yake Nyasuguta lina miezi minne kwake. Nikamwambia tafadhali asijisumbue kuharakisha.

Akaligeuza. Akaniuliza kama hili ndilo lile la Mzee Mochama. Nikaitikia kwa kichwa. Akayasukuma mabirika yote kando, akaniambia nikae. Nyundo tu! Watu wakakusanyika. Saa moja baadaye karai lilikuwa na kiraka cha nne, ukingo umenyooshwa, na jina lake WEREMA limegongwa chini kwa msumari. Akasema, "Dada, ukifika kule, hicho cha nne usikisahau."

Mama alipokiona kiraka alikipapasa kwa kidole. Akasema kimekaa vizuri kuliko vile vingine. Hata adhabu sikupata.

Nimebaki na njia moja, kuomba homa. Nimeomba kwa bidii. Leo jioni Nyasuguta ana mafua.

Jumapili, 20 Agosti.

Tumerudi. Niandike haraka kabla sijasahau aibu yenyewe ilivyopangwa.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Hema kubwa, upepo wa ziwa unapiga turubai, watu mpaka nje. Mwalimu Mayaka akashika kipaza sauti. Akasema sasa tumsikie Kemuma! Kemuma binti Masese, kutoka Suna! Njoo, Kemuma, usiogope, Kemuma!

Mara nne! Nilihesabu. Barnabas alikuwa safu ya pili, katikati ya mabesi, ana tai. Alisikia zote nne. Jibu langu la mwaka mzima, nililolilea kama mtoto, amelimwaga mtu mwingine kwa dakika moja! Sasa nimebaki na nini cha kumwambia?

Nikapanda jukwaani. Nikamwona ananitazama. Nikafanya kitu kimoja tu kilichowezekana: nikajifunika karai kichwani. Nilitaka kujificha, basi. Mwalimu, maskini, akadhani ni sehemu ya hotuba, akaniingizia kipaza sauti chini ya ukingo. Nikanong'ona, "Ndugu zangu." Ikatoka sauti nzito kuliko ya mchungaji yeyote. Watu wakasema aaah!

Humo ndani kulikuwa giza. Hapakuwa na mtu. Basi nikasema yote. Kwamba sahani za maua zinakaa miaka mingi kwa kuogopwa, lakini hakuna aliyewahi kuzililia. Kwamba karai halijawahi kumwuliza mtu, "Unataka kunifanyia nini?" Kwamba wimbo unaopendwa ni ule uliokuachia mahali pa kutia ubeti wako (hapo Nyasuguta akapaza sauti kutoka chini na mafua yake kwamba hiyo ni hoja yake). Kwamba kitu kisichokubali kiraka hutupwa siku ya kwanza kupasuka, na kinachokubali kinakuwa cha nyumbani. Nikataja kiraka cha nne. Nikasema hata ya ngoma. Mama mmoja wa Kijaluo pale mbele akaita, "Ber ahinya!" yaani vizuri sana, na wenzake wakapiga vigelegele. Nikashuka na karai langu kichwani. Nikajikwaa kwenye kamba ya hema. Nikaamka nalo.

Leo asubuhi tulikuwa tunapakia lori. Barnabas akaja, akanipokea karai, akalipandisha juu. Akasema, "Kemuma." Hakuuliza! Alisema tu, kama mtu anayelijua tangu zamani. Nilifungua mdomo niseme naitwa Kemuma, nikaona haifai tena. Halafu akauliza, "Utakuja mwakani?"

Swali jipya! Bila onyo! Sikuwa na chochote tayari. Nilitazama tairi. Nikapanda lori, nikaenda kukaa nyuma ya magodoro.

Nyasuguta alinisema mpaka Suna. Kwamba mimi ni mtu wa ajabu. Kwamba niliwahubiria watu elfu nzima, kisha nikashindwa na neno moja. "Ndiyo! Ungesema ndiyo, ukafunga mdomo, kufunga si unajua?" Anapenda kurahisisha mambo. Haelewi kwamba jibu kama hili linataka maandalizi.

Nina mwaka mzima. Kuhusu lori nimekwisha kupanga: nitamshauri Mwalimu aongeze nafasi ya tatu, nami nitaipata hiyo. Jibu nimelianza jioni hii, na sauti tayari inakaribia kutoka. Agosti mwakani, nikishuka tu kwenye lori pale Homa Bay, sitatazama ndoo wala tairi. Nitamwendea Barnabas moja kwa moja, nimwambie bila kutetemeka: "Ndiyo, nitakuja."